Swali la Kikapu

Jumamosi ile Firmin alikuwa na furaha ya kuudhi. Alipanda ngazi akipiga mluzi, akafungua madirisha yote, akafuta kiti kwa leso yake mwenyewe na kumkaribisha Jelimo kama wanavyokaribishwa watu hotelini, ilhali chumba chenyewe kilikuwa kijichumba cha masomo juu ya karakana ya mafundi cherehani, Doornfontein. Jelimo aliketi. Alifungua kitabu cha mazoezi akaomba kimoyomoyo kwamba leo, leo tu, mwanamume huyu asimtazame usoni.

Firmin akamtazama. Hakujua kumtazama mtu nusunusu. Akikutazama anakutazama mzima. Jelimo, ambaye siku zote alilitamani jicho lile, leo alijiona kama mtu aliyesimamishwa mbele ya waumini aeleze alichokifanya.

"Hukulala, chérie?"

"Nililala."

"Macho yako inasema hapana."

"Ni huu mtihani, Firmin. Umebaki wiki moja tu."

Uongo huo ulitoka wenyewe, laini, bila kukwaruza koo. Siku hizi uongo ulikuwa ukimtoka hivyo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuingilia shule ya sheria. Sehemu kubwa yake ni maswali ya mantiki: unapewa aya fupi, mtu fulani anadai jambo fulani kwa sababu fulani, nawe unaulizwa kama sababu inatosha, kasoro iko wapi, au ni kitu gani mtu huyo amekichukulia kuwa kweli bila kukitamka. Firmin alisomea falsafa kwa mapadri kule Lubumbashi kabla hajagundua kwamba upadri haukuwa wake. Hapa Johannesburg alipata riziki kwa kuwafundisha watu maswali hayo. Wazazi wa Jelimo, Wakenya wa Edenvale, ndio waliomtafuta. Mama yake, Monicah, hakuwahi kumwita kwa jina; kwake alikuwa Mwalimu tangu siku ya kwanza. Masikini Mama! Laiti angejua kwamba walipofika kwenye mlango wa kasoro za hoja, Mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa wameshapoteza mantiki yote, wanasoma kitabu kimoja mabega yamegusana wakati cha pili kimelala pale pale mezani.

"Tuanze na nyepesi," Firmin alisema. "Duka la mkate likifungua mapema, madereva wa teksi wanapanga foleni mlangoni. Leo madereva wamepanga foleni. Kwa hiyo duka limefungua mapema. Kasoro?"

"Huenda wamepanga foleni kwa sababu nyingine. Labda limefungwa, wanalisubiri."

"Sharp!" Firmin alipiga meza. Halafu akashindwa kuvumilia. "Bon. Mbele ya kuendelea, nikupe habari. Tante Thérèse alienda kuona wazee wa kanisa letu, La Rochelle. Kesho wanakuja kwenu."

Kalamu ilimtoka Jelimo mkononi. "Kesho?"

"Kesho, baada ya ibada. Yeye na wazee. Wanakuja kuuliza siku ya mahari." Alicheka kama mtoto. "Alisema nisikuambie, eti ushituke mbele ya watu. Nikamwambia, Tante, mimi na Jelimo tunafichana kitu?"

Jelimo aliinama kuiokota kalamu, akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji.

Maana walikuwa wakifichana. Au tuseme mmoja alikuwa akimficha mwenzake, na leo ilikuwa karibu wiki nzima. Kwa akina Firmin, kwa jinsi shangazi yake, Tante Thérèse, alivyolelewa, siku ya kwanza ya kubisha hodi ukweni haitamkwi posa. Mnakwenda na kikapu, mnakaa, mnaongea habari za watoto na hali ya hewa, mnaangalia kama vitu vitapokelewa. Lakini wazazi wa msichana sharti wawe wameambiwa na binti yao, na Firmin alimsihi Jelimo awaambie. Siku ya kwenda, Jumapili iliyopita, alimuuliza, "Umewaambia?" Jelimo akajibu, "Nimewaambia." Kumbe alichowaambia ni kwamba Mwalimu na shangazi yake wanakuja kumtakia heri ya mtihani. Basi Jumapili ile nyumba moja ilikuwa na sherehe mbili tofauti, na aliyekuwa akijua zote mbili ni Jelimo peke yake, anazunguka na birika la chai huku Tante Thérèse akimkabidhi Mama kikapu chenye kitenge ndani.

"Uko sawa huko chini?"

"Niko sawa."

Firmin alikuwa ameshasimama ubaoni. Alikuwa na mazoea ya kutunga maswali yake mwenyewe pale kitabu kilipomchosha, na leo kitabu kilimchosha upesi.

"Sikiliza hii. Mama mmoja alipeleka kitunga kwa wakwe. Wenyeji walipokea vitu vyote. Halafu walirudisha kitunga kikiwa kimejaa. Kwa hiyo wenyeji wamekubali posa." Aligeuka, macho yanameta. "Dhana iliyofichwa ni ipi?"

Jelimo aliutazama ubao. Kitunga ni kikapu kwa Kiswahili cha akina Firmin, na kikapu alikijua vizuri mno.

"Aa, chérie! Nyepesi hii!"

"Kwamba..." Jelimo aliichezea kalamu. "Kwamba wenyeji huwajazia kikapu wale tu waliowakubali."

"Voilà. Sasa ipime. Tunaipima namna gani?"

"Tunaigeuza kinyume. Hoja ikianguka, basi dhana hiyo ndiyo nguzo yake."

"Igeuze."

Huko chini vyerehani vilinguruma, vikanyamaza, vikanguruma tena. Jelimo alitazama mikono yake. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kuomba maji. Lakini kesho wazee wangeingia sebuleni kwao na makoti yao ya kanisani, na Tante Thérèse mbele yao akitabasamu.

"Wenyeji," alisema kwa sauti ya chini, "humjazia kikapu kila mgeni."

"Na hoja?"

"Inaanguka."

"Inaanguka puu!" Firmin alicheka, akaanza kuandika ubaoni. "Bahati yetu wazazi wako..."

"Firmin. Mama humjazia kila mgeni. Fundi bomba alikuja kuzibua sinki, akaondoka na mayai na majani ya chai. Kwetu ni aibu kumrudishia mgeni chombo kitupu. Ni adabu tu. Haina maana nyingine."

Mkono wa Firmin ulisimama ubaoni. Hakugeuka. "Lakini uliwaambia mbele ya sisi kufika. Kwa hiyo wao walijua."

Jelimo alifunga kitabu cha mazoezi.

"Uliwaambia, Jelimo?"

"Niliwaambia mnakuja kunitakia heri ya mtihani."

Firmin alifunika kalamu ya ubao, taratibu, akaiweka mahali pake. Akavuta kiti na kuketi. Hakukaa kile cha kando ya Jelimo alichokuwa akikalia kila siku. Alikaa kile cha mlangoni.

"Tante alipiga vigelegele kwenye geti yenu tulipotoka na kitunga," alisema.

"Najua."

"Baba yako alikuwa pale. Hakuuliza kitu?"

"Aliuliza yule mama ana furaha ya nini." Jelimo alitamani sakafu ipasuke. "Nikamwambia ndivyo Wakongomani walivyo."

"Ndivyo tulivyo."

"Firmin, nisamehe..."

"Na kitenge? Ile kitenge ya Tante iko wapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa kuliko yote. "Mezani."

"Mezani namna gani?"

"Mama alikipenda sana. Amekifanya kitambaa cha meza ya chakula."

"Mnakulia juu yake."

"Tunakulia."

Firmin alijifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yake yalikuwa mekundu. "Ile kitenge Tante aliiweka kwa siku binti yake, Carmel, ataolewa. Carmel mwenyewe ndiye alisema ianze kwako." Akamtazama tena. "Unanionea haya?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana!"

"Basi ni nini?"

"Niliogopa." Na hapo machozi yakamtoka. "Binti ya Owuor, jirani yetu, alipoolewa na mtu wa mbali, Baba alisema mezani, mtu usiyejua kwao, ukipata shida naye utamuulizia kwa nani? Nikajua na wewe atakukataa. Nikasema ngoja nifanye mtihani kwanza, halafu nitafute siku nzuri ya kuwaambia. Siku yenyewe haikuja. Kila siku ilikuwa mbaya kuliko ya jana."

"Alisema neno hilo juu yangu?"

"Hapana. Juu ya yule."

"Donc ulisikia neno juu ya mtu mwingine, ukatoa hukumu juu yangu. Ulimuuliza baba yako?"

"Sikumuuliza."

"Hiyo nayo ni kasoro. Iko ukurasa gani?"

Kejeli haikumkaa Firmin. Iliwaumiza wote wawili, akaona, akaiacha. "Lakini mjinga mkubwa ni mimi. Kosa hili ninafundisha kila siku. Niliona kitunga kimejaa, kilichobaki nikajijazia mwenyewe, sababu nilipenda iwe kweli."

Jelimo alilia waziwazi. Siku nyingine leso ile ingekuwa imeshafika shavuni kwake. Leo ilibaki mfukoni mwa mwenyewe.

"Sitamwambia Tante," Firmin alisema akichukua funguo. "Utamwambia weye. Leo."

Firmin aliendesha gari macho yakiwa barabarani. Walipoingia Malvern, kila taa ya robot ya Jules Street iliwakamata nyekundu, na kila waliposimama Jelimo alijiambia, nitamshika mkono sasa, na kila mara taa iligeuka kijani mkono wake ungali mapajani.

Saluni ya Tante Thérèse ilijaa wanawake. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mteja, vidole vinakimbia kwenye msuko, na alipomwona Jelimo mlangoni akapaza sauti hadi mtaani: "Belle-fille yangu huyu, mukwe wangu! Mumuone! Njo huyu niliwaambia!"

Wanawake wote wakageuka, wakatabasamu. Mmoja akapiga makofi.

"Shikamoo, Tante. Naomba tuongee huko nyuma."

"Sema hapa, hawa bote ni bantu betu."

"Tafadhali, Tante."

Nyuma ya pazia kulikuwa na beseni la kuoshea nywele, makopo ya mafuta na harufu ya nywele zilizoungua. Jelimo alisimama wima akasema yote. Hakujitetea, hakulia; alijua akilia yule mama atambembeleza, na kubembelezwa hakukustahili. Alisema kuhusu wazazi wake, kuhusu geti, kuhusu meza. Tante Thérèse alisikiliza chanuo likiwa mkononi. Nuru ilimtoka usoni kidogo kidogo, mpaka akawa mwanamke mwingine, mtu mzima aliyechoka, aliyesimama kwa miguu tangu asubuhi.

Jelimo alipomaliza, Tante alinyoosha mkono juu ya kabati akashusha kikapu. Majani ya chai, chupa ya asali, mfuko wa unga. Hakuna kilichokuwa kimefunguliwa.

"Nilisema chai hii tutaipika siku ya dot, siku ya mahari," alisema. "Carmel nilimukataza hata kuigusa. Rudishia mama yako. Umwambie Thérèse anasema aksanti, lakini hii ni ya mugeni mwingine."

"Tante, nimekukosea sana."

"Chai haiko kitu. Kitenge nayo haiko kitu, kinafuliwa." Aliufuta ukingo wa beseni kwa kiganja. "Siku ile nilifurahi, Jelimo. Nilicheka, niliimba mpaka kwenye gari. Kumbe nilikuwa ninafurahi peke yangu, na weye uliniangalia. Uliniona, ukaniacha."

Jelimo alikipokea kikapu kwa mikono miwili akatoka kwa mlango wa uani, asipite tena katikati ya wale wanawake.

Firmin alikuwa ameegemea gari. Alikiona kikapu, akaelewa. "Kesho hatuji," alisema. "Nitawaambia wazee."

"Firmin, tumekwisha?"

"Sijui." Alimtazama, na lile jicho lisilojua nusunusu safari hii lilimtazama nusu. "Ninakupenda. Hiyo haikutoka, hata nikiisukuma. Lakini kesho utaniambia kitu, kitu cha kweli kabisa, na mimi nitakipokea namna gani? Hiyo njo shida yangu."

Alimwitia gari la kumrudisha nyumbani, akamfungulia mlango, akamwekea kikapu mapajani kwa adabu yake yote. Adabu ile ilimchoma Jelimo kuliko matusi.

Wazazi wake walikuwa mezani, wameanza kula. Kitenge kilikuwa pale pale, rangi ya buluu na manjano, bakuli la sukuma limekaa katikati ya maua yake, na kando ya kikombe cha Baba doa la chai la ukubwa wa kiganja.

"Umechelewa," Mama alisema. "Mwalimu leo amekukazia, eh? Nawa ukule." Kisha akaona. "Si hicho ni kikapu cha yule shangazi? Na mbona vitu vyangu vyote viko? Kwani hao hawanywi chai?"

Jelimo alikiweka kikapu kwenye kiti.

"Mama, ondoa sahani. Hicho kitambaa si cha meza."

"Kama si cha meza ni cha nini?"

"Ni cha posa. Ni changu." Alivuta pumzi. "Jumapili hawakuja kunitakia heri ya mtihani. Walikuja kunichumbia. Wao niliwaambia mnajua, na nyinyi nikawaambia uongo. Hakuna aliyekosa hapa isipokuwa mimi."

Baba yake, Levi, mtu wa benki, mpole, asiyependa makelele, alirudisha tonge kwenye sahani. "Mwalimu?"

"Ana jina, Baba. Anaitwa Firmin."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema, kuhusu binti ya Owuor. Mtu usiyejua kwao utamuulizia kwa nani."

Levi alikunja uso akitafuta kumbukumbu. "Nilisema hivyo?"

Hata hakukumbuka. Neno lililomnyima Jelimo usingizi, lililomfanya awageuze watu wazima kuwa vichekesho, mwenyewe alikuwa amelitupa pamoja na mifupa ya kuku.

"Lakini hata kama nilisema," Levi aliendelea, "si ni swali la maana? Huyu ningemuulizia kwa nani?"

"Kwa Tante Thérèse. Ana saluni Malvern. Alikaa hapo hapo ulipokaa, Baba, saa nzima, ungemuuliza chochote. Mimi ndiye sikukuacha umuulize."

Mama aliinuka, akaondoa sahani moja moja, akaondoa bakuli, akakivuta kitenge kutoka mezani na kukikumbatia kifuani. Jelimo alingoja maneno juu ya Wakongomani, juu ya mapenzi ya darasani. Hayakuja.

"Mwanamke mwenzangu ameniletea nguo ya heshima," Monicah alisema, "na mimi nimekula ugali juu yake wiki nzima. Ndani ya nyumba yangu! Jelimo, umenifanyia nini?"

Akaenda jikoni. Maji yakasikika yakijaa kwenye beseni. Jelimo alimfuata, akapiga magoti kando yake, wakasugua doa pamoja. Lilififia, lakini halikutoka.

Baba alikuja akasimama mlangoni. "Mimi sijakubali kitu," alisema. "Sikiliza vizuri, sijakubali. Lakini mtu aliyebeba neno akaja kwangu, lazima nilisikie kutoka mdomoni mwake. Waambie waje kesho kama walivyopanga."

Jelimo alipiga simu vidole vingali na sabuni. Iliita sana kabla haijapokewa.

"Nimewaambia," alisema.

Alihamishia simu sikio la pili.

"Firmin, nimewaambia yote. Baba anasema mje kesho. Hajakubali, lakini anasema mje, anataka kuwasikiliza."

"Anasema?"

"Anasema."

"Ulishaniambia hivyo, Jelimo." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, uchovu tu. "'Nimewaambia.' Ulisema na sauti hiyo hiyo."

Ni kweli. Ilikuwa sauti hiyo hiyo, hakuwa na nyingine. Jelimo alitafuta kiapo, alitafuta neno tamu walilokuwa wakiitana, akaona vyote vingepita kwenye mdomo ule ule uliodanganya. Akanyoosha mkono, akampa mama yake simu.

Monicah aliitazama. "Ni yeye?"

Jelimo aliitikia kwa kichwa. Mama alikausha mikono kwenye aproni, akaipokea, akasafisha koo kama mtu anayejiandaa kusoma matangazo kanisani.

"Halo, Mwa..." alianza, akasita. Alimtazama binti yake, kisha kitenge ndani ya beseni. "Halo. Ni Mama Jelimo. Ni wewe, Firmin?"

Jelimo aliinamia beseni, akaendelea kusugua.